Nyonga inapouma mapema: kuendelea kutembea, kulima na kulea

Maumivu ya nyonga si ya wazee peke yao. Wapo akina mama wa miaka 30 na 40, na hata wasichana wa miaka 20, ambao kiungo cha nyonga kimeanza kulika. Wengi hukaa na maumivu kwa miaka bila kujua tatizo ni nini, kwa sababu kila wanayemweleza huwajibu kwamba ni uchovu, ni uzazi, au ni baridi. Makala hii ni yako kama wewe ni mmoja wao, au kama unamtunza mwenye shida hiyo. Tumeiandika tukimfikiria mama wa Pito na vijiji vingine vya uwanda wa juu wa Ufipa: anayelima mahindi na maharage, anayechota maji, anayebeba mtoto mgongoni, na ambaye hawezi kuambiwa tu "pumzika" kisha maisha yakaendelea.

Nyonga iliyolika haisaidiwi na kulala, wala haisaidiwi na kujikaza. Inasaidiwa na mwendo wa kila siku wenye kipimo, na mzigo uliopunguzwa. Kabla ya hapo, hata hivyo, hakikisha kwanza kwamba kinachouma ni nyonga, na utafute sababu.

Je, ni nyonga kweli?

Mtu akisema "nyonga inaniuma", mara nyingi mkono wake unagusa ubavu wa kiuno au kalio. Kiungo chenyewe kiko ndani na mbele zaidi ya hapo. Kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, nyuma ya kinena. Kwa hiyo maumivu yake husikika zaidi kwenye kinena, hushuka mbele ya paja, na wakati mwingine hufika gotini. Wapo waliopimwa goti mara mbili tatu likaonekana zima, kumbe tatizo liko juu. Maumivu ya mgongo wa chini yanayopita kwenye kalio na kushuka nyuma ya mguu hadi kwenye unyayo mara nyingi hutoka kwenye uti wa mgongo, na tiba yake ni nyingine.

Unaweza kujipima. Keti kwenye kiti na uweke kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, kama mtu anayetaka kutoa mwiba kwenye unyayo. Kama kinena kinauma, au goti linagoma kushuka upande kama la mguu mzima, nyonga inashukiwa. Dalili nyingine ni kushindwa kuchuchumaa, kupata shida kukata kucha za miguu, kuchechemea kadiri jioni inavyokaribia, na kukakamaa asubuhi kwa muda mfupi, nusu saa au pungufu. Ukikakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, na vidole vya mikono au vifundo vikavimba, huenda una ugonjwa mwingine ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Huo una dawa zake, na dawa hizo hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema.

Neno moja kuhusu jina. Maradhi haya ya viungo tunayaita baridi yabisi, na jina hilo hupotosha. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Ufipa zina baridi ya kukata, na ni kweli kwamba kiungo hukakamaa zaidi na maumivu husikika zaidi. Lakini baridi haili kiungo. Watu wa Dar es Salaam wanaotokwa jasho mwaka mzima wanaugua ugonjwa huu huu. Jipashe moto, vaa vizuri, ila usiridhike na jibu kwamba ni baridi tu.

Kwa nini mtu kijana?

Ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na la utelezi linaloifanya mifupa isisagane. Kwa mzee, gegedu huchakaa pamoja na miaka. Kwa mtu aliye chini ya miaka 50, mara nyingi kuna sababu, na inafaa kuitafuta.

Sababu moja ni ugonjwa au jeraha la zamani. Nyonga iliyoingia usaha utotoni, iliyokaa vibaya tangu kuzaliwa, au iliyoumia kwenye ajali ya bodaboda inaweza kutulia kwa miaka 15 au 20, kisha ikaanza kusumbua. Mwambie daktari hata jambo ambalo mama yako pekee ndiye analikumbuka.

Sababu ya pili ni damu kushindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Sehemu hiyo hulishwa na mishipa midogo, na ikiziba, mfupa hufa taratibu, huporomoka kama paa lililooza, na gegedu lililo juu yake huharibika. Nchi jirani ya Malawi ilianza mwaka 2005 kuweka kumbukumbu za wagonjwa wanaowekewa nyonga bandia, na taarifa zake za mwanzo zilionyesha kwamba tatizo hili ndilo lililowapeleka wengi kwenye upasuaji, kuliko uzee. Wanaopata zaidi ni wenye selimundu, wanaoishi na VVU, wanywaji wa pombe nyingi, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Hapo kwenye steroidi tunaomba usome taratibu. Dawa kama deksamethasoni na prednisoloni zina kazi zake muhimu hospitalini. Lakini zipo pia zinazouzwa kienyeji kama vidonge vya kunenepa, vya kuongeza makalio, au kama unga wa "kumaliza maumivu ya viungo". Mtu hupata nafuu ya haraka ya kushangaza, hamu ya kula inaongezeka, uso unajaa. Miezi au miaka baadaye nyonga inaanza kuuma. Dawa ya viungo isiyo na jina, inayokuponya siku mbili tu baada ya kuinywa, ni ya kuogopa. Kama umeitumia kwa wiki nyingi, usiikate ghafla, maana mwili unaweza kuzidiwa. Nenda nayo hospitali, wakupangie namna ya kuipunguza.

Sababu ya tatu ni kifua kikuu cha nyonga. Huja polepole, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bure. Vivyo hivyo dawa za VVU. Kama unatumia dawa za kufubaza VVU na nyonga inauma, usiziache. Eleza maumivu kwenye kliniki yako.

Huenda pia mtu akakuambia umekanyaga kitu ulichotegewa njiani. Hatutabishana nawe kuhusu imani. Tunachoomba ni kwamba chale na dawa za kusugua zisichukue nafasi ya kipimo, kwa sababu usaha, kifua kikuu na mfupa unaokufa havisubiri.

Usilale, usijikaze

Mama mwenye nyonga mbaya hupewa ushauri wa aina mbili. Mama mkwe mwenye huruma humwambia alale, asikanyage chini. Mwingine humwambia ajikaze, kwani kazi haijawahi kuua mtu. Wote wawili wana nia njema, na wote wawili wanaweza kumuumiza.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sponji kwenye maji ya kuoshea vyombo. Usipotembea, ute hauzunguki. Halafu kuna misuli ya kando ya kalio, inayozuia kiuno kisilalie upande mmoja kila unapoinua mguu. Wiki chache za kulala tu huikondesha. Ikikonda, unachechemea zaidi, na kiungo hubeba kazi ambayo ilikuwa ya misuli. Ndiyo sababu mtu aliyepumzishwa mwezi mzima huinuka akiwa na hali mbaya kuliko alipolala.

Kujikaza nako kuna mtego wake. Siku nyonga ikiwa nzuri, mama anataka kumaliza yote: palizi, kufua, kwenda mashine ya kusaga. Kesho yake hainuki. Anakaa siku tatu, anapata nafuu, anarudia. Baada ya miezi michache siku nzuri zimepungua.

Tumia kipimo hiki. Sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Maumivu yakifika nne au tano wakati wa kazi au mazoezi, na kesho yake asubuhi yakawa yamerudi kwenye hali yako ya kawaida, hujaharibu kitu. Yakizidi hapo, au ukaamka ukiwa na hali mbaya kuliko jana, punguza, lakini usiache. Kama ulitembea saa nzima, leo tembea nusu saa. Wenye nyonga mbaya wengi huogopa kwamba kila maumivu ni mfupa unasagika. Sivyo. Misuli iliyozembea huuma inapoamshwa.

Maelezo mengi kutoka nje yatakuambia uogelee. Kwa mama wa Pito huo ni ushauri wa kuchekesha. Baiskeli, kama unayo na unaijua, ni bora zaidi: uzito wako unakaa kwenye tandiko, nyonga inazunguka bila kubebeshwa. Inua tandiko ili goti lisipande juu sana. Kutembea kwenye njia iliyo tambarare pia kunafaa sana, dakika 10 mara tatu kwa siku kuliko nusu saa kwa mkupuo, mpaka uzoee.

Mazoezi ya kufanya nyumbani

Yanahitaji mkeka, kiti kigumu na fremu ya mlango. Yafanye siku tatu kwa wiki, kila moja mara nane hadi kumi, upumzike kidogo, kisha urudie. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Faida huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, na wengi huacha wiki ya tatu.

La kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Kaza makalio na uinue kiuno, hesabu hadi tano, kisha shusha taratibu. La pili, lala kwa upande mzima, mguu unaouma uwe juu. Unyooshe na uuinue kiasi cha shubiri moja au mbili, bila kuupeleka mbele. Hili ndilo la misuli ya kando ya kalio, na kama una muda wa zoezi moja tu, chagua hili. La tatu, keti kwenye kiti, inuka bila kusukuma kwa mikono, kisha keti polepole, kwa sababu faida kubwa iko kwenye kuketi. Kiti kikiwa kifupi na kinauma, kiongeze urefu kwa blanketi lililokunjwa. La nne, simama umeshika fremu ya mlango na upeleke mguu unaouma nyuma, kisha pembeni, mgongo ukiwa wima.

Asubuhi za baridi, weka kwanza chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga kwenye kinena na paja kwa dakika 15. Misuli italegea na zoezi litakuwa rahisi. Chupa isiguse ngozi moja kwa moja.

Ndoo, jembe, jiko na choo

Hesabu ya mzigo ndiyo inayowashangaza wengi. Kila unapopiga hatua, kuna nukta ambayo umesimama kwa mguu mmoja. Wakati huo misuli ya kalio huvuta kwa nguvu ili usianguke upande, na mvuto huo pia hubebwa na kiungo. Kwa hiyo nyonga ya mtu anayetembea hubeba mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wake. Mama wa kilo 60 anabebesha nyonga yake kilo 150 hadi 180 kwa kila hatua. Akiweka kichwani ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20, nyonga haiongezewi kilo 20. Inaongezewa 50 au 60.

Kwa hiyo nusu ndoo kwa safari mbili ni bora kuliko ndoo nzima kwa safari moja, ingawa safari zenyewe zimeongezeka. Dumu kwenye baiskeli au mkokoteni ni bora zaidi. Hesabu hiyo hiyo inahusu uzito wa mwili: kama una uzito uliozidi, kilo tano zikipungua nyonga itajua. Lakini usijinyime chakula kama wewe ni mwembamba. Misuli hujengwa kwa maharage, maziwa na samaki.

Fimbo ina aibu yake, hasa kwa mama wa miaka 35. Lakini ni dawa ya bei rahisi kuliko zote kwenye ukurasa huu. Ishike kwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma, na uiweke chini pamoja na mguu mbaya. Ikishikwa hivyo, inafanya sehemu ya kazi ya misuli ya kalio. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kiganja ukiwa umesimama na mkono umeshuka. Kama kuna kikapu cha kubeba mkononi, kibebe kwa upande ule unaouma. Inaonekana kinyume, lakini mzigo wa upande huo huipunguzia misuli ya kalio kazi, na kiungo hubanwa kidogo kuliko ukibeba upande wa pili.

Kupanda kilima au ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, mguu mbaya utangulie.

Kwenye shamba, adui ni kuinama sana kwa muda mrefu. Jembe la mpini mfupi, hasa kwa kufukia majani kwenye matuta kama wazee wa Ufipa walivyolima tangu zamani, hukunja nyonga hadi mwisho na kuibana. Mpini mrefu zaidi husaidia. Kulima kwa maksai husaidia zaidi, na huenda pesa ya kukodi plau ikawa na maana kuliko pesa ya dawa za mwezi. Mambo haya yanahitaji kikao cha nyumbani, kwa sababu nyonga haionekani na watu hudhani unakwepa kazi. Omba kubadilishana: mwingine apalilie, wewe upukuchue mahindi, uchambue maharage, upike. Hizo nazo zifanyie kwenye kiti, si kwenye mkeka wala kigoda kifupi. Kanuni ya kukaa ni rahisi: kiuno kiwe juu kuliko magoti. Jiko likiinuliwa kwa matofali hadi usawa wa kiuno, hutachuchumaa mara kumi kwa siku kuchochea kuni.

Choo cha shimo ni mateso yasiyosemwa. Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu la kuweka juu ya shimo, na kipande cha mti kilichopigiliwa ukutani kitakusaidia kuinuka. Wazee wa nyumbani watakushukuru pia.

Mtoto mgongoni, aliyefungwa juu na kubanwa vizuri, ni afadhali kuliko kumbeba ubavuni kwa muda mrefu. Na mbeleko ina zawadi yake kwa mtoto. Madaktari wa mifupa walioandika kutoka Malawi mwaka 2015 walieleza kwamba kumbeba mtoto mgongoni, miguu ikiwa imepanuliwa, huenda ndiyo sababu nyonga kukaa vibaya tangu kuzaliwa ni jambo la nadra katika jamii zenye desturi hiyo. Katika jamii zilizozoea kumviringisha mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, tatizo hilo huonekana zaidi.

Dawa za maumivu

Hakuna kidonge kinachootesha gegedu upya. Virutubisho vya viungo vinavyouzwa na mawakala kwa bei kubwa havijathibitishwa kufanya hivyo, na pesa hiyo ingelipia picha ya eksirei.

Kazi ya dawa ya maumivu ni kukuwezesha utembee, ulale na ufanye mazoezi. Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol, ni salama kwa wengi ingawa kwa nyonga nguvu yake ni ndogo. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini atumie pungufu kwa ushauri.

Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi vizuri zaidi kwa nyonga, na ndizo zinazoleta madhara makubwa zikizoeleka. Zitumie kwa kiwango kidogo kinachotosha, siku chache, baada ya kula. Usichanganye hizo mbili. Soma pakiti, kwa sababu kuna vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili bila kujua. Usizitumie bila kuzungumza na daktari kama una vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au wa moyo. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye tenofovira, ambazo ndizo wengi wanapewa, wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: tenofovira nayo hupita kwenye figo, na diklofenaki ya kila siku juu yake inaweza kuziumiza. Mueleze muuguzi wa kliniki kila dawa unayonunua dukani. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kupungua au miguu kuvimba ni sababu ya kuacha dawa hizo na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano ya diklofenaki haina nguvu ya pekee kwa maumivu ya muda mrefu kuliko kidonge, na ikichomwa vibaya kwenye kalio inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Dawa za kuchua hazifiki kwenye kiungo kilicho ndani kiasi hicho, ila joto na mkono wa mtu anayekuchua vina faraja yake, na hatuoni sababu ya kuvikataza.

Usiku, ndoa na ujauzito

Ukilala ubavu, lalia upande mzima na uweke mto au kitenge kilichokunjwa kati ya magoti, ili paja la juu lisiangukie mbele.

Tendo la ndoa huuma kwa mwenye nyonga iliyolika, kwa sababu mapaja hayapanuki. Mama hukwepa, mume hufikiri amechukiwa, na hakuna anayesema. Sema. Kulala wote wawili kwa ubavu, mume akiwa nyuma, huwa hakuitaji kupanua mapaja, na kuoga maji ya moto kabla husaidia. Ni haki kabisa kumuuliza mtoa huduma wa afya kuhusu hili.

Maumivu ya nyonga na kinena wakati wa ujauzito mara nyingi ni ya viungo vya fupanyonga kulegea, na huisha baada ya kujifungua. Yakiendelea miezi kadhaa baada ya hapo, pima. Mjamzito atumie parasetamoli; aepuke ibuprofeni na diklofenaki, hasa kuanzia mimba ya miezi mitano, isipokuwa daktari ameagiza. Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni. Nyonga iliyolika peke yake si lazima imaanishe upasuaji wa kujifungua, lakini mwambie mkunga mapema kwamba mguu mmoja haupanuki, ili akusaidie kujifungua kwa ubavu na asiulazimishe mguu.

Mtoto anayechechemea

Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu, au anayelia ukimgeuza paja wakati wa kumbadilisha nepi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku ukiwa usiku. Usaha kwenye nyonga unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache, na mtu mzima mwenye nyonga mbovu leo huenda ndiye yule mtoto aliyesubirishwa. Mtoto wa miaka minne hadi minane anayechechemea bila homa kwa zaidi ya wiki moja apigwe picha. Kijana wa miaka 10 hadi 15, hasa mnene, anayelalamika goti au kinena huku mguu wake umegeukia nje, huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza. Asitembee, abebwe hadi hospitali. Mwenye selimundu anayelalamika nyonga baada ya maumivu mengine kuisha naye apimwe.

Wapi pa kwenda

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya picha ya eksirei. Kwa aliye Pito, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa iko mjini Sumbawanga. Omba picha ionyeshe nyonga zote mbili, kwa sababu daktari hulinganisha. Picha ikionekana safi na maumivu yakaendelea, rudi: mfupa unaokufa hauonekani kwenye eksirei siku za mwanzo. Uliza pia kuhusu fiziotherapia, na kuhusu kipimo cha VVU na cha selimundu kama hujawahi kupima.

Hatua inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, ambako nyonga bandia huwekwa. Nyonga bandia nyingi hudumu miaka 15 hadi 20 au zaidi. Kwa kijana, maana yake ni kwamba huenda akahitaji upasuaji wa pili maishani, na ndiyo sababu madaktari husubiri. Lakini kusubiri kuna mwisho. Kama huwezi kulala usiku, huwezi kumhudumia mtoto, na dawa na mazoezi ya miezi kadhaa havijasaidia, umri wako si sababu ya kukataliwa kusikilizwa. Uliza gharama mapema, na uliza bima yako inalipia nini kabla ya kukata tiketi ya basi.

Unapokwenda, chukua pakiti za dawa zote ulizotumia, pamoja na za duka na za mitishamba, picha zako za zamani, na kadi ya kliniki. Andika au mwambie mtoto wako akuandikie mambo matatu: maumivu yalianza lini, umbali unaoweza kutembea kabla ya kusimama, na kazi ambazo huwezi tena kuzifanya.